Wito kwa watu wa Bonde la Kilombero: kijiti kisiingie sikioni

Jumapili asubuhi, kabla ya misa ya pili, watoto wa nyumba yetu tulikuwa tukikalishwa barazani kwenye mkeka. Tumeshaoga, miguu inang'aa mafuta, imebaki kazi moja tu. Bibi anachomoa unyoya wa kuku aliouchomeka kwenye nyasi za paa, unyoya wa bawa, mgumu shinani na mlaini nchani. Unalaza kichwa kwenye paja lake, anakuvuta sikio juu kidogo, unyoya unaingia, unazungushwa, unatoka. Akipata kitu anakuonyesha: "Haya, ona mwenyewe. Ndiyo maana ukitumwa husikii." Kisha anampokea anayefuata. Mimi nilikuwa natamani zamu yangu isiishe, maana katika nyumba yenye watoto wengi kiasi kile, dakika zile tatu bibi alikuwa wangu peke yangu.

Ninaanza na bibi kwa sababu wito huu unagusa mikono ya watu wanaotupenda. Sina neno baya juu ya unyoya ule wala juu ya aliyeushika. Ninachowaomba wana Ifakara, na ndugu zetu wa Mang'ula, Mngeta, Mbingu na Mlimba, na wa ng'ambo ya mto kule Lupiro na Malinyi, ni jambo moja: tuache kuingiza kitu ndani ya sikio. Usiingie unyoya, isiingie njiti ya kiberiti, wala pini ya nywele, wala kifuniko cha kalamu, wala ufunguo wa pikipiki. Na ile pamba nyeupe ya kijiti, ambayo tunaiamini kwamba ndiyo ya kisasa, nayo isiingie.

Nami nilijifunza kwa maumivu. Mwaka mmoja wa mavuno mazuri nilirudi kutoka kupura mpunga nikiwa na pumba hadi kwenye kope. Jioni nikaoga, maji yakaingia sikio la kushoto, likaziba papo hapo. Sauti yangu mwenyewe nikawa naisikia kama inatoka ndani ya mtungi. Nikachukua kipande cha pamba, nikakizungushia kwenye njiti ya kiberiti, nikaanza kazi. Siku ya kwanza pamba ilitoka na rangi ya kahawia, nikafurahi. Siku ya pili nikaingia ndani zaidi. Siku ya tatu njiti ilitoka bila pamba yake.

Nilikaa na sikio lile karibu wiki mbili ndipo nikaenda zahanati. Tabibu akalivuta sikio juu na nyuma, akachungulia, akanyamaza kidogo, kisha akamwita mwenzake naye aangalie. Nta ilikuwa imeshindiliwa hadi mwisho kama unga ndani ya debe, na juu yake imekaa ile pamba, imelowa, imeshaanza kunuka. Alipomaliza kunisafisha aliniambia: "Kilichokuwa kinatoka mlangoni, wewe umekirudisha uani."

Hakuwa anatania. Njia ya sikio la mtu mzima, kutoka tundu la nje hadi kwenye ngoma, ina urefu wa kama sentimita mbili na nusu tu. Njiti ya kiberiti ni ndefu kuliko hapo. Tezi zinazotengeneza nta zipo kwenye theluthi ya nje ya njia hiyo, huku karibu na mlango. Kule ndani jirani na ngoma hakuna nta inayozaliwa. Kwa hiyo mtu akiambiwa nta yake imeganda juu ya ngoma, mara nyingi ni kwamba imesukumwa mpaka kule, na aliyeisukuma ni mwenye sikio au anayempenda.

Tena ngozi ya sikio ina mwendo wake wa pekee. Ngozi ya mkono hupukutika pale pale ilipo. Ya sikio huanzia kwenye ngoma na kutembea kuelekea nje, polepole, kwa mwendo unaokaribiana na wa ukucha unaoota, huku imebeba nta na vumbi na vinywele vilivyokatika. Taya nalo husaidia: kila unapotafuna, njia ile inaminywaminywa na mzigo unasogea mlangoni. Mtoto anayeshinda barazani na pingili ya muwa anasafisha masikio yake bila kujua.

Nadhani kosa letu limeanzia kwenye jina. Jicho likitoa kitu tunasema tongo, meno yana ukoga, pua ina kamasi. Likija sikio, tunasema tu "uchafu wa masikio", na ukishakiita kitu uchafu lazima ukitafutie ufagio. Tukiite nta. Nta hii ina asidi kidogo inayowazuia vijidudu na kuvu wasistawi, mafuta yake hufanya maji yateleze yasilowanishe ngozi, na utelezi wake hunasa vumbi na mdudu mdogo kabla hawajafika ndani. Kwa mkulima anayepura mpunga, kwa kijana wa bodaboda anayekula vumbi la barabara ya Mlimba wakati wa kiangazi, nta ni kinga aliyopewa bure. Mwaka 2006 watafiti wa Japani walieleza kwamba badiliko dogo kwenye jeni moja ndilo linaloamua kama nta ya mtu itakuwa kavu ya kupukutika, kama walivyo wengi wa Asia ya Mashariki, au ya kunata rangi ya asali hadi kahawia, kama tulivyo wengi wa Afrika. Basi mwenzetu mwenye nta nyingi tusimwite mchafu. Kazaliwa hivyo.

Na pamba ya kijiti? Historia yake inaanzia Marekani mwaka 1923, pale Leo Gerstenzang alipomwona mkewe akizungushia pamba kwenye kijiti cha meno ili amsafishe mtoto wao, akaona hapo kuna biashara. Leo ukigeuza makasha mengi ya pamba hizo utakuta onyo kwamba zisiingizwe ndani ya sikio. Limeandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo, nasi tunafika dukani tukisema, "Nipe pamba za masikio." Jina tulilolipa sisi limelishinda onyo waliloandika wao.

Hebu fikiri ngoma ya sikio ilivyo. Unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukimenya yai lililochemshwa, kuna utando unaobaki kwenye ganda. Ngoma yako si nene kama unavyodhani, iko kwenye ukoo wa utando ule. Nyuma yake kuna vifupa vitatu, nyundo, fuawe na kikuku, ambavyo ni vidogo kuliko mifupa yote ya mwili. Sasa mtu amekaa kijiweni, ufunguo uko sikioni, amefumba jicho moja kwa raha, na mwenzake anapita na kumgonga kiwiko. Au mama amemshika mtoto, na mtoto anageuka ghafla kwa sababu mbuzi amepita. Kinachotakiwa ni msukumo mmoja tu.

Sikio basi tulifanyie nini nyumbani? Kwa watu wengi, karibu hakuna. Baada ya kuoga, chukua ncha ya khanga safi au kitambaa chenye unyevu, kivalishe kwenye kidole, futa majani ya sikio, nyuma yake na mlangoni. Mahali kidole kilichovaa kitambaa hakifiki, hapo si pa kusafisha. Mabibi na mama zetu, mkeka ubaki, paja libaki, na zile dakika tatu za mtoto mmojammoja nawasihi zibaki. Unyoya tu ndio ubadilishwe.

Likiziba kweli, kabla ya kutia chochote jiulize maswali matatu. Linauma? Linatoa maji, usaha au damu? Uliwahi kuambiwa ngoma imetoboka, au kufanyiwa upasuaji wa sikio? Jibu likiwa ndiyo hata kwa moja, usitie tone lolote, nenda zahanati. Vivyo hivyo kwa mtoto mdogo, kwa mwenye kisukari, na kwa mtu ambaye sikio linalosikia ni hilo moja tu.

Majibu yote yakiwa hapana, laini nta kwa matone. Duka la Dawa Muhimu lina gliserini au matone ya sodiamu baikaboneti, na mafuta ya zeituni nayo yanafaa. Usihangaike kutafuta ya bei kubwa: waliolinganisha matone ya aina mbalimbali hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba aina moja inaizidi nyingine. Yawe mafuta mapya, si yaliyokwisha kukaanga perege. Yasiwe mafuta ya taa, wala spiriti, wala maji ya kitunguu, wala mkojo. Yapashe joto kwa kukishika kichupa kiganjani mpaka kilingane na mkono wako, kisisogezwe jikoni. Lala ubavu, sikio bovu liwe juu, livute juu na nyuma, dondosha matone mawili au matatu, kaa hivyo hivyo dakika tano hadi kumi. Ukiinuka weka kitambaa nje ya sikio. Fanya asubuhi na jioni kwa siku tatu hadi tano.

Siku ya kwanza unaweza kusikia kidogo kuliko mwanzo, kwa sababu nta inalowa na kuvimba. Usitishike, na usichukue kijiti kukamilisha kazi. Itatoka yenyewe ndani ya wiki mbili hivi, nyingine utaikuta kwenye mto. Isipotoka, sasa ni kazi ya mwenye kifaa cha kuchungulia. Habari ya kununua bomba la sindano na kujipigia maji nyumbani naomba tuiache. Maji ya nguvu yanaweza kuipasua ngoma, na yakiwa ya baridi au ya moto kuliko mwili yanamvuruga mtu usawa wake, kwa sababu kiungo cha kutusimamisha wima kimo humo humo sikioni. Utaona chumba kizima kinazunguka. Tabibu anajua kiasi cha nguvu na joto, na zaidi ya yote ameshaiona ngoma kabla hajaanza.

Nikae kidogo kwenye jambo ambalo linaniumiza kuliko nta. Wapo watoto katika bonde hili ambao sikio linatoa usaha, nyumbani panasemwa "ana masikio machafu", na siku zinapita. Usaha si nta. Nta haina harufu mbaya, hailowanishi mto, haivutii nzi. Usaha maana yake kuna ugonjwa nyuma ya ngoma, au kwenye ngozi ya njia, na ukizidi siku kumi na nne huhesabiwa kuwa umekuwa sugu. Mtoto huyo apelekwe kituo. Kule mama atafundishwa kulikausha sikio kwa utambi wa kitambaa safi kinachofyonza, bila kijiti, mara tatu kwa siku au zaidi, na ataambiwa mtoto asipige mbizi kwenye mto Lumemo mpaka pakauke. Akiwa na uvimbe unaouma nyuma ya sikio, hiyo ni safari ya siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Na mtu mzima aliyelala anasikia akaamka sikio moja limekufa ghafla, bila maumivu, naye asikae wiki akidhani ni nta. Awahi hospitali ndani ya siku mbili tatu, maana dawa ina muda wake.

Halafu kuna majira yetu. Mvua zikishika, nyumba nyingi za bonde zinahamia mashambani, watu wanalala kwenye madungu miezi kadhaa wakilinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe, na zahanati inabaki mbali, nyuma ya maji. Huko ndiko mdudu anamwingia mtu sikioni usiku. Anayejua hali hiyo anajua kwamba kelele ya mdudu mmoja juu ya ngoma inaweza kumfanya mzee wa heshima akimbie gizani. Kijiti kitamsukuma mdudu au kumkata vipande. Mlaze mgonjwa, sikio liwe juu, mimina mafuta ya kula safi yenye joto la mwili yajae njia. Mdudu atakufa, kelele itakoma, na asubuhi safari ya kwenda kumtoa itakuwa ya utulivu. Ila kama ngoma yake imetoboka, usimimine. Kwa hiyo unapofunga mzigo wa shamba, pembeni ya chumvi na kiberiti weka kichupa cha mafuta mapya kilichofungwa vizuri.

Huko huko watoto wanacheza na punje. Punje ya mpunga, haragwe au hindi likiingia sikioni, usitie maji hata tone: mbegu hunywa, huvimba, hukwama. Usichokonoe. Mtoto akiwa hana maumivu makali anaweza kupelekwa kesho yake. Lakini kikiwa kile kibetri cha mviringo cha saa au cha mwanasesere, usisubiri kesho na usitie kitu chochote. Kinaunguza nyama ndani ya saa chache.

Sasa wito wenyewe, maana kujua peke yangu hakutoshi. Nyie mnaouza kwenye Maduka ya Dawa Muhimu, dada na kaka zetu, mna nafasi kubwa kuliko mnavyodhani. Mteja akiomba matone ya masikio, muulizeni yale maswali matatu kabla ya kupokea hela. Akiomba pamba za masikio, mwambieni onyo lililo kwenye kasha lake kwa Kiswahili. Vinyozi wa Kibaoni na sokoni, mkimaliza kunyoa, futeni nje ya sikio kwa taulo na mwishie hapo, hata mteja akiomba muingie. Vijana wa vijiweni, funguo zina kazi yake. Wahudumu wa afya wa jamii, mnaingia kwenye nyumba ambazo sisi tunapita tu njiani. Mkiulizia vyandarua na chanjo, ulizieni na masikio. Wachungaji, mapadri na masheikh, tarehe 3 Machi kila mwaka dunia inaadhimisha siku ya usikivu. Tupeni dakika mbili za matangazo katika juma hilo, kabla watu hawajatawanyika.

Sidhani kama ninaomba kisichowezekana. Bonde hili lina mazoea ya kubadilika na kuwafundisha wengine. Profesa Rudolf Geigy wa Basel alifika Ifakara mwaka 1949, mwaka 1957 ikafunguliwa maabara ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, na mwishoni mwa miaka ya 1990 Kilombero na Ulanga ndiko ulikofanyika mradi wa KINET, wa kuuza vyandarua vyenye dawa kwa jina la Zuia Mbu. Wakati ule kulala chini ya chandarua kulionekana na wengi kuwa ni mambo ya wenye nafasi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba vyandarua vile viliongeza kwa asilimia 27 uwezekano wa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne kuendelea kuishi. Watu waliobadilisha malazi yao hawatashindwa kuweka njiti ya kiberiti chini, tena hili halihitaji kununua kitu.

Nimewabakiza walimu makusudi. Lugha yetu ina neno moja kwa mambo mawili: mtoto asiyetii tunasema hasikii, na mtoto mwenye masikio yaliyoziba naye hasikii. Tumechapa wangapi kwa kosa la neno hilo? Nimesikia watoto wakiambiwa sikio la kufa halisikii dawa, na sikio lenyewe lilikuwa na nta iliyoshindiliwa, au usaha, yaani jambo la kutibika kabisa. Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 60 ya ulemavu wa kusikia kwa watoto unatokana na sababu zinazoweza kuzuilika.

Mwalimu wangu, kesho darasani yupo yule anayekaa nyuma, anayeandika "kumi" ukisema "sumu", anayegeuza kichwa upande mmoja kila unapoongea. Usimwite mbele. Zunguka taratibu mpaka usimame hatua mbili nyuma yake, asione midomo yako, na utaje jina lake kwa sauti ya chini. Akigeuka, vema. Asipogeuka, mkalishe dawati la mbele, na mchana mpe barua ampelekee mzazi: mtoto wako apelekwe zahanati akaangaliwe masikio, na kabla ya hapo asitiwe kitu.